Usiniambie Mheshimiwa Amenisaidia

Kuna sentensi moja nimeichoka kabisa: "Mheshimiwa ametusaidia." Fungua simu yako wiki hii, Desemba 2025, uone. Hundi ya kadibodi kubwa kama mlango wa choo cha ploti, mheshimiwa ameshika upande mmoja, mama mwenye leso ameshika upande mwingine, na chini yake watu wamejaa wakisema asante, Mungu akubariki, wewe ni baba wa wote. Baba wa wote, na pesa ni za hao hao wote. Manze, hiyo hesabu mlifunzwa na nani?

Najua nusu yenu mtasema nina chuki. Nusu nyingine mtasema nimelipwa na mpinzani wake. Hakuna aliyenilipa, ningekuwa nimelipwa singekuwa nahariri video na simu yenye kioo kimepasuka. Naongea kwa sababu huu ni msimu wa masanduku, na msimu wa masanduku huwa unanikasirisha.

Kama hujui ninachosema, toka Majengo utembee dakika chache mpaka jua kali ya Kamukunji. Sasa hivi wanagonga mabati usiku na mchana. Masanduku ya shule, yale ya rangi ya buluu na nyeusi yenye kufuli, yanatoka hapo yakienda Kenya nzima. Wazazi wanatoka mbali kuja kununua. Januari 2026 watoto wa kwanza wa CBC wanaingia Gredi ya 10, kwa hivyo mwaka huu kelele ni mara mbili. Na yule msee anayegonga sanduku la mtoto wa mtu wa Meru, wa kwake yuko nyumba ya udongo Majengo na barua ya kuitwa shule, na hakuna anayejua karo itatoka wapi. Usiku huo huo anaambiwa usijali, mheshimiwa anatoa basari. Pigeni foleni.

Twende kwa pesa zenyewe. CDF ilianza mwaka 2003, Kibaki akiwa ameingia tu. Sheria ilisema angalau asilimia 2.5 ya mapato ya serikali iende kwa maeneo bunge. Mwaka 2015 ikaandikwa upya ikaitwa NG-CDF, na leo inagawiwa maeneo bunge 290. Soma hapo tena. Mapato ya serikali. Hakuna mahali imeandikwa mfuko wa mheshimiwa, wala huruma yake, wala shamba la baba yake.

Kuna jamaa aliwahi kuniambia uso kwa uso, tukiwa kwa shughuli fulani Kilimani, eti watu wa mitaa kama yetu hawalipi ushuru, wanakula tu. Nilicheka nikashindwa kumaliza soda. Mafuta taa ambayo shosho wa jirani anapikia chai yana ushuru wa shilingi 18 kila lita tangu 2018, uliowekwa ati kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Dizeli ni ya malori ya wengine, lakini anayelipa ni shosho na jiko lake. Bando unayotumia kusoma hii posti ina ushuru wa bidhaa wa asilimia 15. Sabuni, asilimia 16 ya VAT. Mimi mwenyewe, kile kidogo nalipwa kwa video, tangu sheria ya fedha ya 2023 kuna asilimia 5 inakatwa juu kwa juu kabla sijaiona. Sisi ndio tunalipa bila kuulizwa na bila kujificha, kwa sababu hatuna mhasibu wa kutuficha.

Kwa hivyo pesa inatoka Majengo kimyakimya, shilingi kwa shilingi, inapanda mpaka Hazina ya Taifa, halafu sehemu ndogo inarudi na spika, hema, viti vya plastiki na picha ya mtu. Inapotoka inaitwa ushuru. Inaporudi inaitwa msaada.

Sasa wacha niwaeleze basari inavyofanya kazi, kwa wale walisoma wakilipiwa na wazazi na hawajawahi kushika hiyo fomu. Mimi niliingia Form One 2019, shule ya bweni nje ya Nairobi, karo shilingi 40,535 kwa mwaka. Mama yangu anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Fomu inachukuliwa ofisini, ofisi sitaitaja na si lazima iwe ile unayofikiria. Unaambatanisha kitambulisho cha mzazi, barua ya shule, karatasi ya karo, ripoti ya muhula. Unapeleka kwa chifu agonge muhuri. Unapeleka kwa imamu au pasta aandike kwamba anakujua na kweli wewe ni maskini. Fikiria hiyo. Mtu wa Mungu anaweka sahihi kuthibitisha umaskini wako, kama cheti cha kuzaliwa.

Mama alienda mara nne. Mara ya kwanza fomu zilikuwa zimeisha. Mara ya pili aliambiwa karani ametoka kidogo, na ile "kidogo" ya ofisi za serikali unaijua. Mara ya tatu akapeleka. Mara ya nne alienda kuangalia jina kwa ukuta. Kila siku aliyoenda hakupika, na asiyepika mbaazi asubuhi hana pesa jioni. Basari ikatoka. Elfu nne. Ukitoa nauli na siku nne za biashara, sijui kama tulipata kitu au tulilipa ili tuonekane tumepata. Na bado kulikuwa na siku ya kukusanywa uwanjani ili hundi zikabidhiwe, tukakaa juani kutoka saa tatu mpaka saa nane, kwa sababu mheshimiwa alikuwa njiani. Mama alipiga makofi. Simlaumu. Ungekuwa na mtoto bwenini na salio la karo, ungepiga makofi pia, na vigelegele juu.

Basi hapa ndipo watu hunikatiza: "Si afadhali hiyo elfu nne kuliko hakuna?" Hilo swali ndilo mtego. Kwa sababu kuna pesa nyingine, ambayo haina picha ya mtu, na hiyo ndiyo inakatwa ukiwa umeangalia kadibodi.

Inaitwa kapitesheni, yaani mgao ambao serikali hutuma moja kwa moja shuleni kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Kiwango kilichowekwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Huhitaji chifu. Huhitaji imamu. Huhitaji kujulikana na mtu yeyote, bora tu uwe mwanafunzi. Mtoto wa Majengo anaipata na mtoto wa Mandera anaipata, awe mama yake alipigia kura nani. Halafu Julai 2025 waziri wa fedha, John Mbadi, akasimama mbele ya wabunge akasema wazi kwamba serikali haiwezi kulipa hiyo 22,244, inachoweza ni kama 16,900. Toa moja kwa nyingine. Ni 5,344 kwa kila mtoto. Chukua shule ya kutwa yenye wanafunzi 400, zidisha. Ni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka ambazo mwalimu mkuu alitegemea na hazikuja. Sasa yeye afanye nini? Mwalimu aliyeajiriwa na bodi lazima alipwe. Chaki lazima inunuliwe. Stima. Maji. Mwenye duka la unga hadai kwa barua, anadai kwa mlango. Basi mwalimu mkuu anabuni vijina: pesa ya chakula, pesa ya masomo ya ziada, pesa ya maendeleo. Mtoto anarudishwa nyumbani Jumanne asubuhi. Mzazi anashika kichwa. Na kichwa kikishashikwa vizuri, mheshimiwa anatokea na fomu.

Umeona mzunguko? Serikali hiyo hiyo inapunguza mgao ambao ni haki ya kila mtoto, pengo likitokea mzazi anajipanga foleni, na mheshimiwa anaonekana mkombozi. Nasema hivi bila kupepesa: kwa wanasiasa wetu, foleni ndiyo mradi. Ikiisha foleni, wameisha. Shule ikipata pesa zake zote kwa wakati, mwezi Januari utamwona mheshimiwa wa nini? Utamfuata kumwambia nini? Utamuuliza kuhusu sheria alizopitisha, na hapo ndipo hawataki ufike.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sitaki pole zenu, lakini nitataja kwa sababu ni ugonjwa ule ule. Kundi letu ndilo la kwanza kuingia chini ya ule mfumo mpya wa ufadhili wa 2023, ambapo unajaza maswali kuhusu nyumba yenu halafu kompyuta inakuweka kwenye bendi na kukuambia familia yako italipa kiasi gani. Kompyuta iliamua mama wa mbaazi ana uwezo ambao mama wa mbaazi mwenyewe hajawahi kuuona. Ukikata rufaa, unajaza fomu nyingine ya kuthibitisha wewe ni maskini kweli. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema huo mfumo unakiuka katiba, na kesi ikaendelea huko juu kwa juu. Mimi nilikuwa nimesharudi mtaani na sanduku langu.

Sasa hivi kelele ni ya NYOTA. Ni pesa za kuanzisha biashara, elfu 50 kwa awamu mbili, kila awamu elfu 25: elfu 22 kwa Pochi la Biashara na elfu 3 zinaenda akiba ya NSSF. Zinatoka kwa mkopo wa Benki ya Dunia, maana yake mimi na wewe tutaulipa hata kama hatukuchaguliwa. Novemba 2025 Rais alienda kuzindua mwenyewe, na tangu hapo ni mikutano kaunti kwa kaunti. Kwani M-Pesa imeanza kuhitaji mkutano wa hadhara? Tangu lini pesa ya simu ikatumwa na helikopta?

Lakini kinachoniuma zaidi ni ile namba 70. Vijana 70 kwa kila wadi, wadi zote 1,450. Sitaki kusikia kwamba hiyo ni usawa. Wadi ya Pumwani, ambayo ndiyo yetu, ina nyumba ambazo korido moja ina milango sita kila upande na kila mlango una vijana watatu hawana kazi. Hapo Kamukunji peke yake kuna wadi tano, na hazifanani hata kidogo. Nenda sasa ulinganishe na wadi ya mtaa wenye geti na walinzi. Sabini kwao, sabini kwetu. Hiyo si hesabu ya umaskini, ni hesabu ya kura: kila mheshimiwa apate sabini zake asinune. Hata ile sheria ya zamani ya CDF ya 2003, pamoja na makosa yake, ilisema robo tatu igawanywe sawa na robo moja ifuate kiwango cha umaskini. Robo tu, lakini angalau mtu alikuwa amefikiria.

Wale walichaguliwa, nawapongeza kwa moyo wangu wote. Fungua kibanda, nunua blenda, uza smokie, omoka. Ugomvi wangu si na wewe. Ni na yule aliyefanya wengine wote waone wewe ndiye uliwanyima.

Nikikaa nafikiria historia ya huu mtaa, naona kitu kimoja: Majengo hukumbukwa na pesa wakati kuna mtu anatuogopa. Wakoloni walianzisha Pumwani miaka ya 1920 kwa kuwabomolea Waafrika vijiji vyao vya mjini na kuwaleta pamoja waonekane vizuri. Walipewa viwanja tu. Nyumba walijijengea wenyewe kwa miti na udongo, na juu yake wakalipa kodi ya kiwanja. Hata jina letu linasema hivyo, majengo, na aliyejenga hakuwa serikali.

Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, wakaanza kuwafuatilia akina mama wa hapa waliokuwa wanafanya biashara ya ngono, na wakagundua baadhi yao hawashikwi na virusi vya ukimwi. Dunia ilishangaa. Mwaka 2001 majaribio ya chanjo yakaanza Nairobi kwa sababu ya damu ya hao akina mama. Kliniki iliwatibu, siwezi kusema uongo. Lakini jina la Majengo limeandikwa kwenye majarida makubwa ya sayansi duniani, na mtaro wa nje bado unapita pale pale ulipokuwa unapita.

Baada ya 2011, Kenya ilipoingia Somalia na ripoti za Umoja wa Mataifa kuanza kutaja vijana wa Pumwani, tukaogopwa tena. Pesa ikaja, safari hii kwa jina la kuzuia itikadi kali. Semina hotelini, fulana, chai na sambusa, nauli mia tano, picha ya pamoja. Kijana alikuwa anaenda kufunzwa asichukie, halafu anarudi nyumbani kukuta mwenye nyumba amefunga mlango na kufuli lake. Mwaka 2020 ikaja korona, tukawa tishio la ugonjwa, na Kazi Mtaani ikaanza: shilingi 455 kwa siku kuzibua mitaro. Nakiri hiyo ilikuwa pesa ya jasho na watu walikula. Ilipokatwa, mitaro ikaziba tena kama hakuna kitu kilifanyika, kwa sababu usafi wa Majengo ulikuwa mradi wa dharura, na usafi wa kule kwingine ni kazi ya kila siku ya kaunti.

Mathe wangu akinisikia nikiongea hivi huniambia, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Nampenda sana, lakini mama, sisi tunaishi kando ya Hospitali ya Pumwani, kuhusu wakunga hatudanganywi. Mkunga wa Pumwani hukudaka ukizaliwa saa tisa usiku, halafu asubuhi haji kwenye mkutano kukuuliza umshukuru. Analipwa mshahara, tena mara nyingi kwa kuchelewa na migomo. Hiyo ndiyo huduma. Huyu mwingine anashika hundi ya pesa yangu na anataka nimwimbie.

Nitakubali jambo moja, na nalikubali kwa sababu ni kweli. Kuna madarasa yamejengwa na CDF, na watu wengi hawajawahi kuona serikali karibu hivyo. Nilikaa kwenye darasa moja kama hilo, lilikuwa na madirisha mazuri. Na ukiniuliza kama hizo pesa zikipelekwa wizarani au kaunti haziwezi kuliwa, nitakuambia zinaweza kuliwa vizuri sana. Mwaka 2009 za elimu ya msingi ya bure ziliibwa mpaka Uingereza ikasimamisha msaada wake. Kwa hivyo simwambii mtu aamini ofisi kubwa. Ninasema kitu kimoja: pesa ya haki ikiibwa, unaweza kudai. Unajua ni 22,244, unajua zimefika ngapi, unapeleka watu mahakamani. Pesa ya hisani ikiibwa unadai nini? Uliwahi kuahidiwa kiasi gani? Elfu nne yangu ilikuwa kidogo kulingana na nini?

Mahakama imeshasema. Septemba 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walitangaza sheria ya NG-CDF inakiuka katiba, wakatoa muda mpaka Juni 30, 2026. Sababu si ngumu: mbunge anapitisha bajeti, anapaswa kuchunguza matumizi, halafu huyo huyo yuko karibu na mkono unaotumia. Refa anacheza namba tisa. Na wabunge wakafanya nini? Julai 1, 2025, siku chache tu baada ya maandamano ya Juni 25, zaidi ya 290 kati yao wakapiga kura kuingiza hizo hazina ndani ya katiba yenyewe. Wale wale hawakubaliani hata kuhusu siku ya wiki. Walikubaliana siku hiyo.

Ninachotaka si kitu cha ajabu. Hizo za basari ziende kujaza pengo la kapitesheni, zote, mpaka 22,244 itimie, halafu kinachobaki kigawanywe kwa kuangalia nani hana, si kwa kuangalia ramani ya wadi. Na mpaka siku hiyo, kila ofisi inayotoa basari ibandike nje ni nani amepewa, shule gani, ngapi, na ni nani alinyimwa na kwa nini.

Kwa hivyo shule zikifunguliwa Januari, kama una ndugu sekondari, usianze na ofisi ya mheshimiwa. Anza na shule. Muulize mwalimu mkuu kwa heshima, mwalimu, muhula uliopita kapitesheni ilifika shilingi ngapi kwa kila mtoto na ilifika tarehe gani? Wengi watakuambia, wamechoka pia. Nitumie hiyo namba, jina la shule, bila jina la mwalimu wala la mtoto. Nitaziposti zote, shule kwa shule, hapa hapa. Na mheshimiwa akija na kadibodi lake, mshikeni upande mmoja kwa picha, halafu kabla hamjaachilia mumuulize yeye alipiga kura gani siku mgao ulipopunguzwa.